Madubwana ya Mezani na Rekodi za Kuondoka Hai

Wachezaji wa Dungeons & Dragons wakikutana, ubishi wao ni ule ule: kiumbe gani ana pointi nyingi za uhai, na nani anaua kwa pigo moja. Ubishi huo unaacha nje jambo kubwa zaidi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson wautoe mchezo huu Marekani mwaka 1974, mapambano mengi ya viumbe wakubwa yameamuliwa na miguu: kiumbe amesimama wapi, anaweza kupita wapi, na akitaka kuondoka anatokea wapi. Kwa hiyo rekodi za ukurasa huu ni za mwendo na za kurudi nyuma. Nisipotaja toleo jingine, nazungumzia kanuni za toleo la tano kama zilivyochapwa mwaka 2014.

Kwa asiyeujua mchezo, haya yanatosha. Kila mchezaji anamwongoza shujaa wake, na msimamizi wa mchezo anawaongoza maadui. Pambano likianza, mezani hutandazwa ramani ya miraba ya futi tano tano, na raundi moja ni sekunde sita. Mtu hukalia mraba mmoja na hutembea futi 30 kwa zamu. Juu ya mtu kuna madaraja matatu ya ukubwa. Mkubwa, kama farasi, hukalia futi 10 kwa 10. Pandikizi, kama tembo, futi 15 kwa 15. Dubwana, kama joka kongwe, futi 20 kwa 20 au zaidi.

Kisha kuna kanuni inayotawala kila kitakachofuata. Ukitoka nje ya eneo ambalo adui anayekuona anaweza kulifikia, ana haki ya kukupiga pigo moja la bure. Kwa kawaida kila mpiganaji ana pigo moja tu la namna hiyo kwa raundi. Anayetaka kuondoka bila kulipokea hutumia kitendo chake chote kujitoa kwa tahadhari, na zamu hiyo hashambulii.

Mkono mrefu kuliko yote

Wengi humtaja Kraken, dubwana la baharini, na wana sababu: minyiri yake hufika futi 30. Lakini rekodi katika kitabu kikuu cha viumbe cha 2014 iko kwa Roper, kiumbe wa mapangoni anayefanana na mwamba ulioota sakafuni. Kwa daraja yeye ni mkubwa tu, hata upandikizi hajaufikia. Minyiri yake hufika futi 50, na ikishakamata watu huwavuta hadi futi 25 kuelekea kinywani.

Upande wa pili wa takwimu zake ndio unaofundisha. Roper hutembea futi 10 kwa zamu. Mwenye mkono mrefu kuliko wote ni mzito wa miguu kuliko mtu yeyote atakayemkimbia, kwa hiyo pambano likimgeukia hana pa kwenda. Ndiyo maana hujifanya jiwe na kungoja mpaka mawindo yafike katikati. Shujaa aliyesimama futi 40 kutoka kwake akidhani yuko mbali, akiamua kutoka nduki atavuka ukingo wa futi 50, na hapo anakaribisha pigo la bure. Pigo lenyewe ni mnyiri unaonasa.

Kwa upana wa eneo, rekodi ni ya zamani zaidi. Toleo la 3.5, la mwaka 2003, lilikuwa na daraja moja juu ya dubwana ambalo toleo la tano halina. Kiumbe wa daraja hilo alikalia futi 30 kwa 30, na akiwa wa kusimama wima, mikono yake ilifika futi 30 nyingine kila upande. Jumla ni futi 90 kutoka ukingo hadi ukingo. Toleo lile halikuwa na huruma: leo unaweza kumzunguka adui ukiwa ndani ya eneo lake bila kupigwa, mradi usitoke, wakati ule kila mraba uliouacha ndani ya eneo hilo ulikuwa sababu ya kupigwa. Hata kujitoa kwa mpango kulikuwa na upungufu. Kanuni ilihesabu mraba wa kwanza tu kuwa salama. Mbele ya mtu mwenye upanga hilo linatosha, kwa sababu hatua moja inakutoa kwenye eneo lake. Mbele ya kiumbe mwenye mkono wa futi 30, mraba wa pili nao umo mkononi mwake, na pigo linakuja. Sijaona kanuni nyingine iliyoonyesha wazi hivyo kwamba ukubwa ni umbali ambao adui lazima aulipie.

Wenye mapigo mengi ya bure

Hydra, nyoka wa vichwa vingi aliyechukuliwa kutoka hekaya za Kigiriki, huanza na vichwa vitano. Kila kichwa baada ya cha kwanza kinampa pigo moja la bure la ziada kwa raundi. Mashujaa watano wakitimka pamoja, kila mmoja ana kichwa kinachomngojea. Ubaya zaidi ni kwamba kichwa kikifa na Hydra asichomwe kwa moto, mwisho wa zamu yake huota viwili mahali pake. Kundi linalompiga nusu nusu kisha likaamua kukimbia huwa limeongeza idadi ya vinywa vitakavyolipiga njiani.

Hata hivyo rekodi ni ya Marilith, pepo mwenye mwili wa nyoka na mikono sita. Hydra huhesabu vichwa vyake, Marilith hahesabu. Kanuni inampa pigo moja la bure katika kila zamu ya pambano, ya kila mtu. Wakikimbia watano, ana mapigo matano. Wakikimbia kumi, ana kumi. Na akitaka kuondoka yeye, anaweza kutoweka na kutokea futi 120 mbali, na anayehama kwa uchawi wa namna hiyo hapigwi pigo la bure. Ndiye pekee kwenye orodha yangu anayeshika nafasi ya juu katika kuzuia wengine wasitoke na katika kutoka mwenyewe.

Mdogo anayemsimamisha mkubwa

Tarrasque ndilo dubwana linalotajwa zaidi mezani. Jina lake limetoka kwenye hekaya ya mji wa Tarascon, kusini mwa Ufaransa, ambako inasemekana Mtakatifu Martha alilitiisha joka la kutisha. Liliingia katika vitabu vya mchezo mwaka 1983. Katika toleo la tano lina pointi 676 za uhai na mkia unaofika futi 20, na ili kulipata, shambulio lazima lifikishe 25, kiwango ambacho mashujaa wachanga hawakifikii kirahisi.

Sasa mchukue mbilikimo mmoja mwenye kipaji cha ulinzi kiitwacho Sentinel. Mwenye kipaji hiki akimpata adui kwa pigo la bure, kasi ya adui huyo inakuwa sifuri hadi mwisho wa zamu ile. Kanuni haikuweka mpaka wa ukubwa. Haijali pia kama pigo liliumiza. Tarrasque likianza kuondoka, mbilikimo akarusha dadu na kufikisha 25, dubwana lote la futi 20 kwa 20 linasimama pale pale. Hata kujitoa kwa tahadhari hakulisaidii, kwa kuwa kipaji hicho kinapuuza tahadhari.

Linasimama, lakini kwa zamu hiyo tu. Viumbe wa hadhi ya Tarrasque hupewa vitendo vitatu vya ziada kila raundi, ambavyo huvitumia mwisho wa zamu za wengine, na kimojawapo cha Tarrasque ni kusogea nusu ya kasi yake. Mara tu shujaa anayefuata anapomaliza zamu yake, Tarrasque liko huru kusogea futi 20. Anayetaka kulizuia kweli anahitaji walinzi zaidi ya mmoja, wamelizunguka pande zote.

Hapo wachezaji wengi hukosea wakidhani kusimama mlangoni kunatosha. Kanuni inasema kiumbe anaweza kupita ndani ya mraba wa adui ikiwa tofauti yao ni madaraja mawili au zaidi. Jitu ambalo ni pandikizi linawavuka watu wanne waliojipanga mlangoni bila kuwagusa. Linaenda polepole kidogo, na kila mmoja anaweza kulipiga likishatoka kwenye eneo lake, lakini mstari wao haulizuii. Kanuni hiyo hiyo inamruhusu mtu kupita katikati ya miguu ya jitu, njia ya kutokea ambayo wachezaji huisahau wakiwa wamebanwa ukutani.

Kasi na gharama yake

Katika kitabu cha viumbe cha 2014, mwenye kasi kuliko wote ni Solar, malaika wa daraja la mkubwa anayeruka futi 150 kwa zamu. Rekodi hiyo haihitaji maelezo marefu. Nani atamfukuza malaika?

Kwa majoka, rekodi iko tena katika toleo la 3.5: joka la dhahabu la umri wa juu kabisa liliruka futi 250 kwa zamu. Lakini kanuni za wakati ule zilipanga viumbe warukao kwa wepesi wa kugeuka pia, na joka hilo lilikuwa daraja la chini kabisa. Lilipaswa kwenda mbele angalau nusu ya kasi yake kila zamu, yaani futi 125, au litue. Likishindwa kutua lilianguka futi 150 katika raundi ya kwanza. Joka hilo halikuweza kusimama hewani wala kugeuka papo hapo. Kurudi kwa adui kulihitaji mzunguko mpana, na mzunguko huo uliwapa mashujaa raundi nzima ya kujificha. Nasikitika kwamba toleo la tano limeifuta kanuni hii. Ilikuwa na hesabu nyingi, ni kweli, lakini ilimfanya mchezaji auhisi uzito wa kiumbe.

Tarrasque nalo limebadilika toleo kwa toleo. Katika 3.5 lilitembea futi 20 tu, isipokuwa mara moja kwa dakika lilipokurupuka futi 150. Mwaka 2014 likapewa futi 40. Ongeza vitendo vitatu vya ziada vya futi 20 kila kimoja, utapata futi 100 kwa raundi, na bado limeshambulia mara tano. Mtu akitumia zamu yake yote kukimbia hufika futi 60. Kwa miguu hakuna anayenusurika uwanjani. Wanaonusurika ni waliopanda farasi, wanaoruka, au waliokuwa na mahali pa kuingia.

Ndege Rukh anastahili aya yake, maana huyu ni wa bahari yetu. Wasomaji wa Alfu Lela U Lela wanamjua kutokana na safari za Sindbad, na Marco Polo alimweka kwenye visiwa vya kusini mwa Madagaska akisema anaweza kumnyanyua tembo. Vitabu vya mchezo vimemhifadhi kama dubwana linaloruka futi 120 na kutembea 20. Je, kanuni zinamruhusu kubeba tembo? Zinamruhusu. Makucha yake yanashika bila kikomo cha ukubwa. Anayebeba aliyemshika hupungukiwa nusu ya kasi, isipokuwa aliyeshikwa awe mdogo wake kwa madaraja mawili au zaidi. Tembo ni pandikizi, daraja moja tu chini yake, kwa hiyo Rukh hupaa naye kwa futi 60. Farasi na mtu huwabeba kwa kasi yake kamili. Aliyeshikwa anapaswa kujinasua mapema: kuanguka huumiza dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10, hadi dadu 20, na Rukh akipaa na mtu moja kwa moja juu huvuka kimo hicho katika zamu yake ya pili.

Tundu dogo, mwili mkubwa

Kiumbe anaweza kujibana kupita mahali panapomtosha wa daraja moja chini yake. Akijibana, kila futi inamgharimu futi mbili, mashambulizi yake yanadhoofika, na adui anampiga kwa urahisi zaidi. Kwa hesabu hiyo dubwana halipiti penye upana chini ya futi 15. Joka jekundu kongwe lililowekwa kwenye pango lenye mlango wa futi 10 limefungiwa gerezani, na nimeona ramani za namna hiyo zikichorwa bila mchoraji kujiuliza joka lilitokaje kwenda kuchoma vijiji.

Rekodi ya tundu dogo ni ya roho wa upepo. Ni wa daraja la mkubwa, anaruka futi 90, na anapita kwenye ufa wa inchi moja bila kujibana hata kidogo. Joka la dhahabu kongwe lina njia yake: hujigeuza mtu, likafungua mlango wa kawaida, likatoka. Na mnyoo mkuu wa zambarau hutoboa mwamba mtupu kwa futi 15 kwa zamu, lakini nyuma yake huacha handaki la kipenyo cha futi 10. Akikimbia, anawachimbia wanaomfukuza barabara, na wao wanatembea mara mbili ya mwendo wake.

Kuondoka bila kuguswa

Kwa bei nafuu, hakuna anayemshinda bundi mkubwa. Ana pointi 19 tu za uhai, lakini akiruka kutoka kwenye eneo la adui hapigwi pigo la bure. Anashuka, anapiga, anaondoka, zamu baada ya zamu. Buibui wa kuhama ulimwengu, mwenye pointi 32, humaliza kuuma kisha akapotea kabisa asionekane wala kuguswa. Ana udhaifu mmoja ambao wachezaji wenye subira huugundua: anaweza kuhama mara moja tu kwa zamu. Akitokea na kuuma, lazima abaki mpaka zamu yake ijayo ndipo apotee tena. Raundi hiyo moja ndiyo ya kumpiga.

Kraken akiwa majini humwaga wino unaotia giza futi 60 kila upande. Pigo la bure hupewa anayekuona, na ndani ya wino ule ni yeye tu anayeona. Anaondoka mbele ya kundi zima bila pigo hata moja.

Taji la kurudi nyuma, hata hivyo, nalivika joka jekundu kongwe. Mwisho wa zamu ya adui hupiga mbawa, aliye ndani ya futi 15 akishindwa kukwepa huanguka chini, nalo huruka futi 40. Walioanguka wanaweza bado kulipiga pigo la bure, ila kwa shida, maana anayepiga akiwa chini hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Zamu yake ikifika huongeza futi 160 likikimbia tu. Futi 200 ndani ya raundi moja, na kabla ya hapo limekwisha kutema moto.

Ujasiri uliopita kiasi

Katika seti ya msingi ya mwaka 1981, iliyohaririwa na Tom Moldvay, kila kiumbe alikuwa na namba ya ujasiri kati ya 2 na 12. Msimamizi alirusha dadu mbili za pande sita. Jumla ikizidi namba hiyo, kiumbe alirudi nyuma au alikimbia. Joka jeupe lilikuwa na 8, jekundu 10. Yaani hata joka jekundu lilikuwa na nafasi moja kati ya 12 ya kufyata mkia.

Kitabu cha msimamizi cha 2014 nacho kina kanuni ya hiari: kiumbe akipoteza nusu ya uhai wake kwa mara ya kwanza, anaweza kurusha dadu ya pande 20, akaongeza kinga yake ya hekima, na akikosa kufikisha 10 anakimbia. Tembo hana cha kuongeza, hivyo hukimbia mara 9 kati ya 20. Joka jeupe kongwe huongeza 7 na hukimbia mara 2 kati ya 20. Joka jekundu kongwe huongeza 9, na Tarrasque vilevile. Dadu ikiangukia 1, jumla ni 10, na wamepita. Kwa dadu hawatakimbia kamwe.

Kiumbe niliyemvika taji la kurudi nyuma kanuni hazimlazimishi kulitumia hata siku moja. Matokeo yake yanaonekana kwenye meza nyingi: joka lenye akili na umri wa karne nyingi linapigana sakafuni mpaka pointi ya mwisho, wakati mbawa zake zingelitoa pale kwa sekunde sita. Uamuzi umebaki kwa msimamizi peke yake.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia mchezo, kabla wachezaji hawajaketi andika mambo matatu pembeni ya jina la joka lako: pointi ngapi za uhai zikibaki litaondoka, litapitia wapi, na upana wa mlango huo ni futi ngapi. Ukikuta ni chini ya 15, upanue.